Ushauri: Kulkurin valssi (1941), kaseti au DVD?

Mpenda_Walsi
Wakuu, natafuta Kulkurin valssi, filamu ya Kifini ya mwongozaji T. J. Särkkä, ile ya baroni anayekimbia St. Petersburg baada ya duwelo (pambano la silaha la watu wawili) na kujificha Ufini kama mzururaji. Muuzaji mmoja wa Helsinki ana kaseti ya VHS, mwingine ana DVD na bango. Nichukue ipi? Deki yangu ni ya kawaida, ya hapa Dar.

FundiDeki
DVD, mkuu, ila angalia eneo, yaani namba ya sehemu ya dunia ambayo diski na deki vimefungiwa. Diski za Ufini ni eneo 2, Tanzania ni eneo 5, kwa hiyo deki iliyofungwa itagoma. Tafuta deki ya maeneo yote. Draivu ya kompyuta inaruhusu kubadili eneo mara 5 tu, baada ya hapo inabaki ilipo. PAL, mfumo wa picha wa TV, isikutishe, ndiyo yetu. Nyuma ya kasha tafuta neno "tekstitys", yaani maandishi ya chini. Likifuatwa na "ruotsi" peke yake, utasoma Kiswidi. Unachotaka ni "englanti".

Kasha_Tupu
Omba picha ya tumbo la diski. Rangi ya fedha ni ya kiwandani, zambarau imechomwa nyumbani. Hiyo achana nayo.
Halafu filamu ikiwa fupi kidogo kwenye DVD, usidhani imekatwa. Filamu ilipigwa kwa picha 24 kwa sekunde, PAL inaonyesha 25, hivyo dakika 100 zinakuwa 96, na sauti ya mwigizaji mkuu Tauno Palo akiimba inapanda kidogo. Chukua urefu ulioandikwa Elonet, hifadhidata ya mtandaoni ya filamu za Kifini, zidisha kwa 0.96, linganisha.

FundiDeki
Kaseti nayo ina ukungu. Ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe kupitia kidirisha chake, usiiweke kabisa kwenye deki: utahamia kwenye hedi, sehemu inayosoma utepe, na kuambukiza kaseti nyingine.

Bango_la_Ukutani
Bango likaguliwe kwa lenzi. Nukta ndogo za rangi nne zilizojipanga safi, mikunjo "imechapwa" lakini karatasi ni laini ukiipapasa? Hiyo ni nakala ya juzi. Likiwa halisi, usilifanyie laminesheni wala kulibandika selotepu. Gundi yake huacha doa la kahawia lisilotoka.

Mpenda_Walsi
Shukrani. Na picha ikiwa na mikwaruzo, nirudishe?

Kasha_Tupu
Mistari ya wima ni ya projekta, imo kwenye filamu yenyewe. Rudisha ikiganda au ikivunjika vimraba.