Damu inavukaje ukuta wa katikati ya moyo?

MamaWawili: Jamani, mwanangu wa kidato cha pili kaniuliza, nikakwama. Moyo una vyumba vinne, na ukuta unaotenga kulia na kushoto hauna mlango. Damu inavukaje?

MuuzaNyama: Haivuki hapo, dada. Inazungukia mapafuni. Milango, yaani vali, ipo kati ya chumba cha juu na cha chini, nayo hufunguka upande mmoja tu. Pasua moyo wa ng'ombe uone: kushoto nyama nene, maana husukuma damu mwili mzima, kulia nyembamba. Vile vijikamba vyeupe huzuia vali isipinduke.

NesiZamu: Ila mtoto tumboni ana tundu kati ya vyumba vya juu. Kwa takribani mtu 1 kati ya 4 halizibi kabisa, na wengi hawajui.

MamaWawili: Kumbe! Huo moyo bei gani?