Mafundi wa dishi, kama paa limewashinda semeni mapema, msituharibie vigae

Wakuu, nimevumilia nimechoka. Leo naandika nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha.

Nyumba ni ya ghorofa, paa ni la vigae vya udongo na mwinuko wake ni mkali. Dishi liko juu kabisa karibu na mgongo wa paa. Upepo ulilipiga likasogea, chaneli zote zikapotea. Nikapiga simu huduma kwa wateja wa kampuni ya king'amuzi, nikaambiwa nichomoe king'amuzi kwenye umeme, nisubiri, nichomeke tena. Nikafanya. Nikaambiwa nirudie. Nikamweleza yule dada kwamba kwenye skrini nguvu ya mawimbi iko juu ila ubora ni sifuri. Mtu yeyote aliyewahi kushika dishi akisikia hivyo anajua pa kuanzia: LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) inapata umeme, waya unapitisha, ila dishi halitazami setilaiti yake. Hata uzime na kuwasha mpaka usiku, king'amuzi hakiwezi kupanda paani kunyoosha dishi. Lakini yeye anasoma karatasi iliyo mbele yake, na kwenye karatasi hilo halimo.

Basi nikalipia fundi. Wanachukua hela kwanza, hilo mnalijua. Niliwaambia wazi kwamba paa ni refu, lina mteremko mkali na ni la vigae. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Akaja kijana na ngazi ambayo haifiki hata kwenye ukingo wa paa. Akatazama juu, akapiga picha, akaniambia "bosi, hili paa siyo la kwetu", akaondoka. Jioni nikapokea ujumbe: kazi yako imekamilika, tupe maoni. Kazi gani imekamilika?

Nieleweke vizuri hapa. Yule kijana simlaumu kwa kuogopa. Paa la namna ile linaua, na hakuna kipindi cha televisheni chenye thamani ya uhai wa mtoto wa mtu. Ninayemlaumu ni aliyemtuma bila vifaa. Ngazi inatakiwa ivuke ukingo wa paa kwa mita 1 hivi, na kwa kila mita 4 za kwenda juu mguu wake ukae mita 1 kutoka ukutani. Juu ya vigae inahitajika ngazi ya kulaza yenye ndoano za kushika mgongo wa paa, pamoja na mkanda wa usalama na kamba. Kampuni inauza ufungaji kila siku halafu vitu hivyo haina?

Baada ya kulalamika sana wakamtuma mwingine. Huyu hakuogopa chochote, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Alipanda bila kamba, anakanyaga vigae katikati, mimi nasikia kwa masikio yangu vinavyolia kimoja baada ya kingine. Vigae vya udongo havikanyagwi ovyo! Ukilazimika, unakanyaga sehemu ya chini ambapo kigae kimelalia chenzake, na uzito unautandaza. Halafu akachukua drili akatoboa kigae chenyewe, akafunga kitako cha dishi kwa skrubu zilizoishia kwenye papi, zile mbao nyembamba za kulalia vigae. Hakufika kwenye kenchi, zile mbao nene zinazobeba paa. Akapaka silikoni kuzunguka, akashuka.

Silikoni juu ya kigae chenye vumbi haishiki. Anayejua kazi anasukuma kigae juu, anafunga kitako kwenye mbao ya kenchi yenyewe, anarudisha kigae, na nguzo inapita kwenye kola ya mpira iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Waya nao unaachwa uning'inie kama kitanzi kabla ya kuingia ndani, ili maji yadondokee nje. Wangu umenyooka moja kwa moja kutoka kwenye dishi hadi tunduni, kwa hiyo kila mvua maji yanaufuata waya hadi ndani. Dari la chumba cha watoto sasa lina doa la kahawia linalozidi kutanuka, na mbao za juu zikianza kuoza sijui nitamdai nani.

Na picha yenyewe haijatulia! Upepo ukivuma kidogo inakatika. Papi inacheza, dishi linacheza nayo. Setilaiti hizi ziko karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta, na dishi la sentimita 80 linaona kipande cha anga cha kama digrii 2 tu. Likiyumba digrii 1, kule juu umeikosa setilaiti kwa kilomita zaidi ya 600. Ndiyo maana nguzo lazima isimame wima kwa pima maji na isitikisike kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakukuwa na haja ya kupanda. Dishi halihitaji paa, linahitaji kuiona setilaiti bila kizuizi. Nina ukuta mzima unaotazama upande uleule, hauna mti wala jengo mbele yake. Waya wa mita 30 hivi ulio mzima haupotezi mawimbi kiasi cha kuharibu picha. Fundi mwenye dira au hata simu angesimama uani, akapima, akaniambia tulihamishie ukutani ambapo ngazi ya kawaida inafika. Hakuna hata mmoja aliyewaza hivyo, wote macho juu.

Nilipodai vigae na dari, kampuni ikanijibu kwamba fundi si mwajiriwa wao, ni wa kujitegemea. Lakini hela niliwalipa wao, miadi walipanga wao, na yeye alikuja na fulana yenye nembo yao. Fundi naye simu hapokei.

Sasa nawataka wafanye haya: walete mtu wa paa abadilishe vigae na kuziba lile tundu, wahamishie dishi ukutani, na dari walipe. Picha zote ninazo, za kabla na za baada, pamoja na ule ujumbe wa "imekamilika". Kama kuna mdau aliyewahi kulipwa kwa uharibifu wa aina hii, aniambie alipeleka malalamiko wapi na walimtaka ushahidi gani. Na wewe unayetaka kufungiwa dishi kwenye paa gumu, watumie picha ya paa kwanza, wakuandikie dishi litafungwa wapi na atakayelipa kikivunjika kitu ni nani. Wakikataa kuandika, usitoe hela.