Eti "ameokota okota tu"! Yule bwana wa Chumbageni ananitafuta nini?

Wakuu, mods msiunganishe huu uzi na ule wa bei za bajaji. Huu ni wa moto, wa leo leo.

Watu wa Tanga mnamjua, simtaji. Yule wa miwani kichwani, laptop kwapani hata msikitini.

Asubuhi tuko Sahare kwa mzee mmoja mwenye maboti, nakabidhi mfumo wa mauzo ya samaki na mgao wa wavuvi. Mzee kafurahi, mkono uko mfukoni tayari. Bwana huyo, hata hakualikwa, kainamia kioo, kaona orodha ya maktaba nilizotumia (vipande vya programu walivyoandika wengine), kacheka mpaka kitumbua kikamtoka: "Mzee, huyu hajaandika programu. Ameokota okota tu mtandaoni."

AMEOKOTA. Mbele ya mteja!

Mzee kanigeukia: "Kama umeokota, mwanangu, basi nusu bei."

Sasa nikae niandike mwenyewe programu ya kusimba nywila? Ya kutoa PDF? Nimalize lini, azindue mjukuu wangu? Mwaka 1968 kule Garmisch, Ujerumani, Douglas McIlroy alishawaambia wenzake programu ziundwe kwa vipande vilivyo tayari. Chumbageni habari haijafika. Na maktaba zenyewe zina leseni ya MIT: tumia, badili, uza, ilimradi notisi ya hakimiliki uiache. Nimeiacha. Kwani anayeoka ajemi Ngamiani kalima ngano?

Halafu mkopiaji ni yeye! Nendeni duka fulani la dawa Makorora mdai risiti. Chini kabisa: JARIBIO, NIMEENDA KUFUTURU NIKIRUDI NAMALIZIA. Maneno yangu hayo! Kanyofoa faili langu zima, kalibandika kwa kila mteja wake, hata kulisoma hakulisoma. Mimi nikikuta kosa narekebisha kwenye maktaba mara moja, nasasisha, mifumo yangu yote inapona. Yeye azunguke duka kwa duka kulisaka. Na huyo ndiye anasema NIMEOKOTA. Na kitumbua mdomoni!

Nawasilisha kwa hasira.

Kaa la Sahare: Mkuu, hiyo nusu bei ulichukua au hukuchukua? Naona umeparuka hapo.

Mwanamakorora: 😂😂 Risiti ninayo hapa. Nilidhani ni salamu za Ramadhani.

Fundi Waya: Usijitape sana. Roketi ya Ariane 5 ililipuka 4 Juni 1996, kama sekunde 40 tu toka iruke. Walibeba programu ya Ariane 4 bila kuipima kwa safari ya roketi mpya, mwendo ukatoa namba isiyoenea kwenye biti 16. Wewe ya kwako umeipima kwa samaki wangapi?

Mleta uzi: Mkuu, hapa ni vibua, sio roketi.

Binti Raskazone: Na Machi 2016 jamaa mmoja kaondoa kifurushi chake cha mistari 11, left-pad, kwenye npm, ghala la mtandaoni la maktaba hizo hizo, miradi kibao duniani ikagoma kujengeka. Yakikukuta usije kutufungulia uzi mwingine.

Mleta uzi: Ndiyo maana matoleo ya maktaba nimeyafunga yasijibadilishe, na nakala ninazo kwangu. Turudi kwenye mada wakuu, KITUMBUA.

Kaa la Sahare: Hujajibu ya nusu bei.

Mzee wa Majani Mapana: Nyie mna afadhali. Stationery moja hapa mjini kadi za harusi ya mwanangu wamechapa juu ya faili la harusi iliyopita. Tarehe yetu, ukumbi wetu, bwana harusi wa watu.

Mwanamakorora: 😂😂😂 Na huyo wa watu alikuja?

Mzee wa Majani Mapana: Alikuja na mkewe. Wamekula pilau, wamepiga na picha.

Binti Raskazone: Mimi wamenichapia kanga za msibani zina hongera kwa kuhitimu, na fedha hawarudishi.

Mleta uzi: Jamani KITUMBUA

Fundi Waya: Mzee, hizo kadi walikufanyia bei gani? Nina shughuli mwezi ujao.