Naomba ushauri: bidhaa za kitaalamu za ngozi kwa saluni yangu Kigoma, nichague kwa kigezo gani?

BintiMwanga aliandika:

Wakuu salaam. Nina saluni hapa Mwanga, Kigoma mjini, mwaka wa sita sasa. Kazi yangu ni kusuka na kuseti nywele. Fundi wangu mmoja amehamia Kasulu, chumba chake cha nyuma kimebaki wazi, nami nataka kukifanya cha uso. Kitanda ninacho, mashine ya mvuke nilishanunua Kariakoo. Zimebaki bidhaa, na hapo nimekwama wiki ya tatu.

Niseme mapema, mkorogo hauingii kwangu. Mwaka juzi alikuja mteja, mwalimu, kusukwa tu. Alipolaza kichwa kwenye sinki nikaona shingo nyeusi tii, uso mwekundu kama umeunguzwa na chai, na vimishipa vimejichora mashavuni. Krimu aliuziwa duka fulani, kopo halina jina la kiwanda wala tarehe. Akaniuliza, "Dada, nifanyeje sasa?" Sikuwa na jibu. Liliniuma sana, kwa sababu mtu ananiamini na kichwa chake halafu naishia kumpa pole. Nikajiapia kwamba nikianza kugusa ngozi za watu, nitakuwa najua ninachopaka.

Kwa bidhaa nimetenga shilingi 2,500,000. Nimeongea na mawakala watatu wa Dar. Wa kwanza ana chapa ya Ulaya, nzuri kwa kuisikia, lakini oda ya kuanzia inameza pesa yote na lazima nichukue seti nzima, hadi krimu za ngozi iliyozeeka, wakati wateja wangu wengi ni mabinti wa miaka 18 hadi 30 wenye chunusi na madoa. Wa pili anauza kidogokidogo na anafundisha, ila jina la bidhaa yake hapa hakuna anayelijua. Wa tatu ni bei ya chini kabisa. Nilipomuuliza kuhusu usajili wa TBS, shirika la viwango, akaniambia, "We chukua, zinatoka sana."

Nimesoma pia kuhusu Dermalogica ya Marekani na Environ ya Afrika Kusini. Zinasifiwa kotekote. Je, nijibane nianze na jina kubwa, au jina si hoja? Na kuna wateja wangu wa Kibirizi, wanawake wa dagaa wanaoshinda juani wakianika. Nao nataka niwe na kitu cha kuwapa.

MjukuuWaUjiji alijibu:

Dada, kwa nini pesa iende Ulaya na sisi tuna mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi? Bibi yangu amejipaka maisha yake yote, ana ngozi ya mtoto. Weka mise, asali ya Tabora na liwa, utapata wateja hadi wa Burundi.

DadaWaIsevya alijibu:

Mdogo wangu, mimi nipo Tabora, mwaka wa 11 kwenye kazi ya uso. Nitakujibu kirefu kwa sababu mwanzo nilikosea palepale unapotaka kukosea wewe. Nilinunua jina. Makopo 9 yaliniharibikia kabatini.

Huyo wa tatu mfute leo. Tangu 2019 vipodozi vipo chini ya TBS, na bidhaa iliyosajiliwa ina karatasi zake. Mwenye nazo hukutumia picha kabla hujamaliza kuuliza.

Sasa majina. Dermalogica ilianza 1986, lakini mwanzilishi wake, Jane Wurwand, alitangulia kufungua shule ya wataalamu wa ngozi mwaka 1983. Hapo ndipo pa kujifunza: somo lilikuja kabla ya chupa. Environ ilianzishwa 1990 na daktari wa upasuaji wa Cape Town, Des Fernandes, na moyo wa bidhaa zake ni vitamini A, ambayo mteja hupandishwa ngazi taratibu. Ni kitu kizuri, ila mjamzito hushauriwa aiepuke. Kwenye miji yetu binti wa miaka 25 anayelala kitandani kwako anaweza kuwa na mimba ya wiki sita hajamwambia hata mama yake. Bila kufundishwa namna ya kumuuliza kwa staha, utampaka tu. Kwa hiyo wakala anayefundisha ana thamani kuliko kibandiko cha chupa.

La pili, ngozi yetu nyeusi ikiunguzwa hulipa kwa weusi. Asidi kali ya kuondoa ngozi iliyokufa, au skrabu ya mbegu zilizosagwa juu ya chunusi mbichi, mteja anaondoka anang'aa na baada ya wiki mbili anarudi na madoa ambayo hakuja nayo. Muulize wakala: asidi yako ni ya nguvu gani, na umeitumia kwa ngozi kama yangu? Akigugumia, achana naye. Na kila mteja mpya mpake kidogo nyuma ya sikio, usubiri, ndipo uguse uso.

La tatu, piga hesabu kwa uso mmoja, bei ya kopo isikutishe. Klinza ya mililita 500 ya shilingi 120,000, ukitumia mililita 5 kwa mtu, ni nyuso 100, yaani 1,200 kila mmoja. Mimi nikijumlisha kila kitu uso unanigharimu 6,500, natoza 25,000. Ukiona bidhaa zinakula zaidi ya theluthi ya bei yako, hutalipa kodi ya chumba.

Na njia ni ndefu. Mzigo unashinda kwenye buti la basi lenye joto hadi huko kwenu. Seramu ya vitamini C ikipata joto na hewa hugeuka njano kisha kahawia, na hapo imekufa. Agiza chupa ndogo. Angalia pia alama ya kopo lililofunguka, 6M au 12M, ndiyo miezi ya kutumia baada ya kufungua.

Kwa wanawake wa Kibirizi, dai mafuta ya kukinga jua yasiyoacha weupe usoni. Jipake mwenyewe utoke nje uone. Chapa isiyo nayo haifai kwa kazi ya madoa, maana utasafisha asubuhi na jua litayarudisha mchana.

Kuhusu mise, mjukuu wa Ujiji, bibi namheshimu. Kwa miguu na viwiko vilivyokauka, sawa kabisa. Kwa uso wenye mafuta na chunusi, itaziba vinyweleo.

MfamasiaBuhigwe alijibu:

Naongezea kuhusu yule mwalimu. Ulivyomweleza inafanana na ngozi iliyotumia steroidi muda mrefu, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe wa ngozi, mara nyingi klobetasoli. Mtu wa hivyo usimskrabu wala kumpaka asidi. Akiacha krimu ghafla uso unaweza kuwaka vibaya zaidi, kwa hiyo aonane na daktari, aanzie hata hospitali ya Maweni. Zebaki nayo, sumu inayotiwa kwenye baadhi ya krimu za kujichubua, hujificha kwenye kibandiko kwa jina la kalomeli. Kopo lisiloandikwa viambato, usilifungue kabisa.

BintiMwanga aliandika:

Asanteni, dada wa Isevya hasa. Nimempigia tena yule wa pili na maswali yako yote. Picha za usajili zimeingia kabla simu haijakatika. Swali la asidi alinijibu vizuri: tuanze na ile ya chini, miezi mitatu ya kwanza nisiguse nyingine. Amekubali nianze na klinza, maski mbili, krimu moja na ya jua, jumla 1,100,000, na mafunzo siku tatu Dar. Ya jua nimeomba kachupa ka kujaribu, nitakaa nako Kibirizi na akina mama asubuhi nzima.

Yule mwalimu nimemtumia ujumbe kuhusu Maweni. Amesema Jumatatu, nitamsindikiza.

Dada, ile ya nyuma ya sikio unaacha saa ngapi?

DadaWaIsevya alijibu:

Saa 24, mdogo wangu, na asioshe hapo. Mwenye ngozi nyepesi kukasirika, mpe 48.