Kundi la Ukoo: Mdudu wa Hemedi

*Hemedi (Riyadh):* Assalaam aleikum. [picha] Nani amjua huyu? Katoka chini ya mbao hapa saiti, akanikimbiza mpaka kwenye kontena. Wallahi alikuwa anifuata mimi!

*Shangazi Mwanaisha:* Yailahi! Toka hapo mwanangu! Huyo buibui wa ngamia, humpasua ngamia tumbo akataga mayai ndani.

*Bakari:* 😂😂 Jitu zima lakimbizwa na mdudu

*Shangazi Mwanaisha:* Bakari nyamaza. Wewe mende tu wakupandisha juu ya kiti.

*Zuhura:* Shikamoo Shangazi. Hilo la ngamia ni uzushi, huyo hutaga ardhini, kwenye shimo alochimba mwenyewe. Na Hemedi, hakufuati wewe, afuata kivuli chako. Jua hilo halipendi. Ukikimbia na kivuli chakimbia, naye yuko nyuma yako. Simama tu.

*Hemedi (Riyadh):* Nisimame?? Mna raha nyinyi huko Kisauni

*Shangazi Mwanaisha:* Marahaba Zuhura. Na sumu je?

*Zuhura:* Hana. Wala si buibui hasa, ana oda yake, yaani kundi lake kubwa, Solifugae, yenye spishi zaidi ya 1,000. Huyu naona ni jenasi (kikundi kidogo humo) ya Galeodes, labda Galeodes arabs, yuko sana Arabuni. Lakini kwa picha ya simu siwezi kuapa. Vuta picha muone taya: mbili, nene, kila moja ni koleo. Akikuuma utatoka damu, osha kwa sabuni.

*Bakari:* Mbona miguu kumi?

*Zuhura:* Minane. Ile miwili ya mbele ni vipapasio, na ncha zake hunata. Hupanda hata kioo.

*Hemedi (Riyadh):* Ndiyo wasema sasa! Nimemfunika kwa ndoo, naisukuma niigeuze nimtie ndani

*Zuhura:* Basi weka na kifuniko 😂

*Shangazi Mwanaisha:* Mimi nilitumiwa picha ya wanajeshi Iraki, mdudu mkubwa kama paja!

*Zuhura:* Ile ya 2004. Walikuwa wawili wameshikana, wakaletwa karibu na kamera. Mkubwa wao, ukinyoosha miguu, hujaa sahani ya chai, sana sana.

*Hemedi (Riyadh):* Nimeweka ubao juu. Jioni nimwachie wapi?

*Zuhura:* Mbali na taa za kambi. Taa huvuta wadudu, na wadudu ndio chakula chake, ndio maana mwawaona usiku.

*Shangazi Mwanaisha:* Ukimaliza nipigie. Na mamako usimwambie, presha yake waijua.

*Bakari:* Mamake si yumo humu kundini?