Nikifumba macho naona giza tu, nitaandikaje hadithi watu waione?

kalamu_mbichi
Wakuu habari, naombeni msaada. Naandika hadithi fupi huu mwaka wa 2 na kila anayesoma ananiambia stori tamu ila haoni kitu, wahusika wanaongea weee kama wako gizani. Na kweli nikifumba macho nimtafute mhusika wangu simpati, kivuli tu. Kuna mazoezi au ndo nilivyoumbwa?

mzee_wa_kurasa
Hauko peke yako. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton mwaka 1880 aliwauliza watu wakumbuke meza waliyokaa asubuhi kupata kifungua kinywa, wapo waliomjibu hawaoni picha yoyote, na 2015 Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter na wenzake wakaipa hali hiyo jina, afantasia. Wapo waandishi wa riwaya wenye hali hiyo na wanaandika vizuri tu. Sisemi unayo, ila achana na macho kwanza. Zima taa humo chumbani kwa mhusika, aende kwa kupapasa, ukuta una unyevu, kitasa kimelegea, kuna kitu kakanyaga kimepasuka. Andika nusu ukurasa hivyohivyo bila neno lolote la kuona.

dada_wino
Mimi kilichonisaidia ni daftari. Kila siku kitu kimoja tu nilichokishuhudia ambacho nisingeweza kukibuni, mfano jana mtu anasubiri simu huku anazungusha pete mpaka kidole kimekuwa chekundu. Halafu jiulize nani anaangalia, maana chumba hakifanani kwa watu wawili. Mtoto aliyevunja glasi akiingia humo anaona sehemu za kufichia tu, chini ya godoro, nyuma ya pazia, picha za ukutani hata hazioni. Fundi rangi yeye ataona kona ambayo brashi iliruka. Ukiandika "chumba kilikuwa kizuri" hapo hakuna aliyeingia, ni wewe tu umesimama mlangoni unatutangazia.

msomaji_tu
Ila usipitilize jamani, mkinijazia fanicha aya nzima naruka.

kalamu_mbichi
Nimerudi. Jana usiku nimefanya lile la kupapasa, mhusika wangu akawa anatafuta mlango akagusa kiti cha marehemu baba yake, mto bado umebonyea katikati. Sikupanga kabisa, hata hicho kiti hakikuwepo kwenye hadithi. Picha sikuona mkuu, ila lile bonde la mto nimelihisi kiganjani kabisa, na sasa hadithi nzima naianza upya kuanzia hapo.