Mrejesho: tovuti yangu imeondolewa adhabu

Ndugu zangu, niliwauliza kwa nini tovuti yangu ya safari za kuwaona sokwe wa msitu wa Bwindi, Uganda, ninayoiendesha kutoka Kampala, ilitoweka ghafla kwenye matokeo ya Google. Nilipofungua Search Console (huduma ya Google inayomwonyesha mwenye tovuti hali ya tovuti yake kwenye matokeo) kama mlivyonielekeza, nilikuta adhabu iliyotolewa na mkaguzi binadamu wa Google, wala si programu, kwa sababu ya viungo (linki) vya kutoka tovuti nyingine kuja kwangu, nilivyouziwa na fundi mmoja. Niliwaandikia wenye tovuti zilizoviweka waviondoe. Vilivyobaki nikaviorodhesha kwenye faili la kuvikana, yaani la kuiomba Google isivihesabu, kisha nikaiomba Google inifikirie upya. Chini ya ukurasa wa kwanza nilikuta pia, kwa aibu yangu, maneno "sokwe Bwindi bei nafuu" yamerudiwarudiwa kwa herufi nyeupe juu ya weupe, ili Google iyasome bila msomaji kuyaona, nikayafuta. Adhabu imeondolewa, ingawa nafasi ya zamani bado sijairudia.